Duka la bunduki Mpanda: Hesabu vibali kabla ya kuhesabu faida

MFANYABIASHARA wa mji mdogo hujiuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha yake: watu wanahitaji nini, na nani mwingine anawauzia? Kwa kipimo hicho, wazo la kufungua duka la bunduki na risasi mjini Mpanda linaweza kuonekana zuri. Mahitaji yanasikika kila kona, na wauzaji wa bidhaa hiyo si wengi kama wauza mbolea au mabati.

Lakini kwa bidhaa hii kuna swali la tatu, ambalo muuza sukari hana haja ya kujiuliza: nani anaruhusiwa kununua? Mteja mwenye fedha mkononi bado si mteja. Anakuwa mteja siku anapoingia dukani akiwa na kibali cha polisi. Kwa sababu hiyo, ukubwa wa soko la bunduki haupimwi kwa idadi ya watu wanaoitaka, bali kwa idadi ya vibali vinavyotoka kwa mwaka.

Makala haya yanaeleza njia anayopita mtu anayetaka leseni ya kuuza silaha, gharama zilizofichika ndani yake, na kwa nini mkulima wa Katavi anayelia na tembo au kiboko huenda akapata nafuu mahali pengine kabla ya kufika kwenye kaunta ya duka hilo.

Kwa nini wazo hili linazuka Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wapatao 564,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamefika zaidi ya milioni 1.15. Katika miaka kumi idadi imezidi mara mbili, na wengi wa waliohamia wamekuja kutafuta ardhi ya mahindi, mpunga, tumbaku na malisho ya ng'ombe. Wengine wamefuata dhahabu.

Ardhi hiyo imepakana na wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Geti lake la Sitalike liko mwendo mfupi tu kutoka Mpanda kwa barabara ya kwenda Sumbawanga. Upande wa kusini kuna mapori ya akiba ya Rukwa na Lukwati. Wakati wa kiangazi Mto Katuma hupungua, na viboko husongamana kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Usiku hutoka kutafuta chakula, na shamba lililo kando ya mto huwa la kwanza kutembelewa.

Ndiyo maana bwana shamba akifika kijijini kuzungumzia mbegu bora, haishi kuulizwa habari ya bunduki. Ukiongeza wafugaji wanaohofia fisi na wezi wa mifugo, wachimbaji wanaolala na madini, pamoja na vyama vya msingi vinavyolinda maghala ya tumbaku, unapata orodha ndefu ya watu wanaosema wanahitaji silaha.

Biashara yenyewe si ngeni katika ukanda huu. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika ikiwa na bunduki na baruti, na kurudi na pembe za ndovu. Karema, ambayo leo iko Wilaya ya Tanganyika, ilikuwa kituo cha Wabelgiji kuanzia mwaka 1879. Bunduki zilipoenea kupita kiasi, mataifa yalikubaliana huko Brussels mwaka 1890 kudhibiti uingizaji wake katika sehemu kubwa ya Afrika. Tangu hapo serikali zimebadilika, lakini msimamo umebaki uleule kwamba silaha si bidhaa ya soko huria.

Sheria inasemaje

Kwa miaka mingi biashara na umiliki wa silaha nchini uliongozwa na Sheria ya Silaha na Risasi, Sura ya 223. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka huo, ambayo ndiyo inayotumika sasa. Msukumo mmoja ulikuwa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mmoja wa waliotia saini. Itifaki hiyo inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka alama kwenye kila silaha, kutunza kumbukumbu zake, na kuwadhibiti wanaozifanyia biashara.

Mambo manne ya sheria hiyo yanamhusu moja kwa moja mfanyabiashara.

La kwanza, msajili mkuu wa silaha ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri haitoshi hata kidogo kuuza bunduki.

La pili, sheria inatenganisha kazi. Kuna leseni ya kuuza, kuna ya kutengeneza, na kuna ya fundi anayekarabati. Mwenye leseni ya kuuza hapati kwa leseni hiyo ruhusa ya kufungua karakana nyuma ya duka, na fundi hapati ruhusa ya kuuza.

La tatu, sheria imeingiza utaratibu wa cheti cha umahiri. Mhusika anapimwa kama anaijua sheria na kama anaweza kushika silaha kwa usalama. Aidha, huangaliwa mwenendo wake, akili timamu, na kama ana rekodi ya jinai au ulevi.

La nne, kila tendo lina kibali chake. Kuingiza silaha nchini, kuipitisha na kuihamisha kwa mtu mwingine ni mambo yanayohitaji idhini ya maandishi. Huwezi kupakia katoni ya risasi kwenye basi la Tabora kama unavyopakia madaftari.

Safari ya leseni

Anayetaka kuuza silaha hana budi kujipanga kama kampuni au mfanyabiashara kamili kabla ya kugusa fomu ya polisi. Jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA. Namba ya mlipakodi hupatikana TRA, pamoja na wajibu wa kutoa risiti za mashine ya EFD. Halafu linakuja jengo.

Jengo ndilo linalokwamisha wengi. Leseni ya kuuza silaha hutaja mahali, na biashara hufanyika mahali hapo tu. Chumba cha kukodi chenye dari ya mbao na mlango wa bati hakifai. Polisi huangalia kuta, madirisha, milango, mahali pa kuhifadhia bunduki na mahali pa kuhifadhia risasi. Sefu iliyofungwa kwenye zege, nondo za uhakika, taa za usiku na mlinzi ni sehemu ya mtaji, na fedha hiyo hutumika kabla hujajua kama utapewa leseni.

Maombi huanzia chini kwenda juu. Viongozi wa mtaa au kijiji na kata ndio wanaomfahamu mwombaji, hivyo maoni yao hutangulia. Kisha faili huenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yule tunayemwita OCD, likapita kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, likapanda mkoani, na mwisho makao makuu ya polisi. Kila ngazi inaweza kuuliza swali, kurudisha karatasi au kukataa. Mfanyabiashara mwenye mkopo unaozaa riba asianze safari hii akidhani itaisha kabla ya mavuno.

Baada ya leseni kutoka, kazi ya karatasi ndiyo inaanza. Muuzaji hutakiwa kuwa na rejista inayoonyesha kila silaha iliyoingia, namba yake, aina yake, ilikotoka, aliyeinunua na namba ya kibali cha mnunuzi. Risasi nazo huhesabiwa. Polisi wanaweza kuja kukagua, na vitabu visipolingana na kilichomo kwenye sefu, muuzaji ndiye wa kwanza kuulizwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii mali ikipotea, mwenye mali naye anaweza kupotelea gerezani.

Mteja wako naye ana safari yake

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mkulima wa Majimoto au Mwese anayetaka bunduki ya marisawa, ile inayojulikana kama shotigani, hupita karibu ngazi zilezile alizopita muuzaji. Huandika barua, hupita kijijini na kwenye kata, huenda kwa OCD, hujadiliwa na kamati, hupimwa umahiri, na husubiri. Lazima aeleze sababu ya kutaka silaha na aonyeshe ataihifadhi wapi. Nyumba ya udongo isiyo na kabati la chuma ni sababu tosha ya kukataliwa.

Akikubaliwa, ndipo anakuja dukani. Hununua silaha moja. Hatarudi mwaka ujao kununua nyingine kama anavyorudi kununua jembe. Risasi nazo hanunui kwa kadiri ya pesa yake, bali kwa kadiri kibali chake kinavyoruhusu. Leseni yake ina muda, na asipoilipia na kuihuisha hana haki ya kuendelea kuishika silaha.

Kwa maneno mengine, mahitaji ya bunduki ni makubwa mdomoni na madogo kwenye rejista. Mwanauchumi huyaita ya kwanza matakwa na ya pili mahitaji yenye uwezo wa kununua. Kwa bidhaa nyingine kinachotofautisha hayo mawili ni fedha. Kwa silaha ni fedha pamoja na muhuri wa serikali.

Hesabu ya duka

Tuchukue mfano. Takwimu zilizomo hapa si bei za soko bali ni za kujifunzia, na kila mmoja anaweza kuweka zake.

Tuseme duka linatumia shilingi 1,500,000 kwa mwezi kwa pango, walinzi wawili, karani, umeme, bima na ada mbalimbali. Kwa mwaka ni shilingi 18,000,000. Tuseme faida ya kila bunduki ni shilingi 400,000, na faida ya kila boksi la risasi 25 ni shilingi 15,000.

Ukiuza maboksi 240 ya risasi kwa mwaka unapata shilingi 3,600,000. Zinabaki shilingi 14,400,000 za kutafutwa kwenye bunduki. Ukigawa kwa 400,000 unapata bunduki 36, yaani 3 kila mwezi. Hapo hujapata faida yoyote. Umerudisha gharama tu.

Sasa tuseme bidhaa za shilingi 60,000,000 ulizoweka kwenye sefu umezinunua kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 17. Riba ya mwaka ni shilingi 10,200,000. Gharama yako inapanda hadi shilingi 28,200,000, na idadi ya bunduki unazopaswa kuuza ili usipate hasara inafika 62 kwa mwaka, yaani zaidi ya 5 kila mwezi.

Swali la kumuuliza OCD kabla ya kwenda benki ni hili: katika wilaya na mkoa, ni vibali vingapi vipya vya raia vinavyotolewa kwa mwaka, na ni vingapi kati ya hivyo ni vya bunduki ambazo tayari zipo na zinabadilisha mikono tu? Kama jibu ni dogo kuliko idadi unayohitaji, hakuna tangazo wala punguzo la bei litakaloiongeza. Muuza mbegu anaweza kushusha bei akavuta wateja. Muuza bunduki akishusha bei, foleni ya vibali haisogei.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye hesabu hiyo. Sera ya silaha inaweza kubadilika kwa tangazo moja. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha zinazomilikiwa na raia, na wamiliki walitakiwa kwenda na bunduki zao na nyaraka zao. Serikali ikiamua kupunguza utoaji wa vibali kwa msimu, duka linabaki na walinzi, pango na riba, bila mteja.

Hii haina maana kwamba biashara haiwezekani. Ina maana kwamba inamfaa mtu mwenye mtaji wake mwenyewe, asiye na haraka, na mwenye wateja wa aina nyingine, hasa taasisi. Kampuni za ulinzi, migodi na kampuni za uwindaji huhitaji silaha kadhaa kwa pamoja, huhitaji risasi za mazoezi, na huhitaji matengenezo. Soko la namna hiyo mara nyingi liko kwenye majiji makubwa kuliko Mpanda.

Gobore si njia ya mkato

Panapokuwa na foleni ndefu ya halali, huzuka njia fupi ya haramu. Katavi njia hiyo inaitwa gobore. Bunduki hii ya kushindilia baruti kwa mdomo hutengenezwa na mafundi wa vijijini kwa bomba la chuma na kitako cha mti. Bei yake ni ndogo, na wengine huiona kama chombo cha shamba tu, sawa na panga.

Mbele ya sheria gobore ni silaha kama silaha nyingine. Anayelimiliki bila leseni hushtakiwa chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya mwaka 2015, na kosa hilo linaangukia pia kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi. Marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2016 yaliweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30 kwa makosa ya namna hiyo. Mahakama za Mpanda na Mahakama Kuu Sumbawanga zimesikiliza kesi nyingi za wanavijiji waliokutwa na magobore, wengine wakiwa na nyamapori na wengine wakiwa na gobore peke yake.

Fundi chuma wa kijijini anayefua majembe anapaswa kulielewa hili vizuri. Kutengeneza bunduki bila leseni ni kosa, kuikarabati bila leseni ni kosa, na muuza duka anayehifadhi baruti na marisawa chini ya meza kwa ajili ya wateja wa usiku naye anajiweka hatarini. Ukilinganisha faida ya gobore moja na miaka 20 ya kutolima, hakuna hesabu inayoweza kulitetea.

Wapo pia walioingia hatarini bila kujua. Mzee aliyekuwa na bunduki halali akifariki, leseni haimfuati mwanawe kama shamba linavyomfuata. Familia inapaswa kuipeleka bunduki kituo cha polisi, kisha anayetaka kuirithi aombe kwa jina lake. Kuiacha darini kwa kuwa ni kumbukumbu ya baba ni kumiliki silaha bila leseni.

Vita vya Burundi na Kongo katika miaka ya 1990 navyo viliacha silaha nyingi zikizunguka pande zote za Ziwa Tanganyika. Ndiyo sababu vyombo vya dola huangalia ukanda huu kwa jicho kali zaidi. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, ukiwamo ule wa Septemba na Oktoba 2023. Msamaha ukitangazwa, ndiyo nafasi ya kuitumia.

Mkulima anahitaji bunduki au ulinzi?

Turudi shambani. Mkulima anaposema anahitaji bunduki, anachohitaji hasa ni mahindi yake yafike ghalani. Bunduki ni njia mojawapo, na mara nyingi ni ya gharama kubwa.

Kumiliki bunduki hakumpi mtu ruhusa ya kuua wanyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inataka mwindaji awe na leseni. Hata mnyama aliyeuawa kwa kujitetea lazima tukio litolewe taarifa, na nyara zake ni mali ya serikali. Aidha, shotigani ya marisawa ni silaha dhaifu mbele ya tembo au kiboko. Mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyeshiba mahindi.

Fidia nayo isitegemewe kama bima. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5. Aliyelima ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka hakustahili kitu. Ni vizuri kumuuliza ofisa wanyamapori wa wilaya viwango vya sasa na kutoa taarifa mapema, lakini jina lenyewe linajieleza: ni kifuta jasho, si bei ya mazao.

Kinachofaa zaidi ni kuzuia. Nchini Kenya, karibu na Tsavo, mtafiti Lucy King na wenzake walijaribu uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka. Katika utafiti wao uliotolewa mwaka 2017, takriban asilimia 80 ya tembo waliofika kwenye uzio hawakuingia. Kwa Katavi, ambako watu wa Inyonga na Mlele wanarina asali tangu enzi za mababu, teknolojia hii inakuja na zao la ziada.

Hesabu yake inapendeza pale wakulima wanapoungana. Ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi, kwa hiyo inahitaji nafasi 25 za kuning'iniza. Wakulima 20, kila mmoja akizungushia ekari yake, wanahitaji nafasi 500. Wakiziweka ekari 20 pamoja kama shamba moja, mzunguko wote ni kama mita 1,140, yaani nafasi 114. Nusu ya nafasi hizo huweza kuwa mbao zilizochongwa kama mizinga, hivyo mizinga halisi inayohitajika ni 57, chini ya mitatu kwa kila mkulima.

Wengine hutumia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Katika maeneo yanayozunguka Tarangire, vikundi vya ulinzi wa mashamba vimetumia tochi zenye mwanga mkali, honi na fataki za pilipili, wakianza na kilicho laini na kuongeza ukali pale tembo anapogoma.

Kiboko hatishiki na nyuki kwa namna hiyo. Dawa yake ni kutolima mlangoni kwake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Anayeiheshimu anaepuka faini, na pia anapunguza ziara za usiku. Palipo lazima kulima karibu, mtaro wenye kingo zilizosimama wima au uzio mfupi imara humzuia, kwa kuwa kiboko si mpandaji hodari.

Ushauri kwa mwenye mtaji

Kwa mfanyabiashara wa Mpanda mwenye shilingi milioni kadhaa mkononi, mambo matano yafuatayo yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, nenda polisi kabla ya kwenda benki. Uliza utaratibu wa sasa, ada za sasa na wastani wa vibali vinavyotolewa. Sheria ni ya mwaka 2015, lakini kanuni na ada hubadilika.

Pili, usijenge chumba cha silaha kabla ya kupata maelezo ya maandishi ya kinachotakiwa. Zege likishamwagwa halirudi mfukoni.

Tatu, usikope kwa ajili ya bidhaa ambayo kasi ya kuuzwa kwake huamuliwa na ofisi nyingine. Mkopo unafaa kwa pembejeo, ambayo huuzwa ndani ya msimu mmoja.

Nne, angalia bidhaa zinazozunguka tatizo hilohilo zisizohitaji kibali cha silaha: tochi za kuchaji kwa jua, nyaya, mizinga, pilipili kavu, makabati ya chuma, makufuli. Mteja wake ni mkulima yeyote mwenye fedha, na hurudi kila msimu.

Tano, kama nia yako ni silaha kweli, fikiria ufundi. Bunduki halali zilizopo mikononi mwa raia na taasisi huharibika na huhitaji matengenezo kila mwaka. Leseni ya fundi nayo ina masharti yake, lakini karakana haihitaji kulaza makumi ya milioni kwenye sefu ikisubiri mihuri.

Kwa mkulima ushauri ni mfupi zaidi. Kama una sababu ya kweli ya kumiliki silaha, anza kijijini, fuata ngazi, na uwe na mahali salama pa kuihifadhi. Wakati faili likiendelea kupanda, keti na majirani zako mpime mzunguko wa mashamba yenu. Mahindi hayatasubiri kibali kitoke, na tembo naye hasubiri.